Bi Tangu Lini na Miwani ya Kaunta Namba Mbili

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali. Ndugu Mkurugenzi na wakuu wa idara, mlioziacha kazi zenu mezani zikijifanya zenyewe. Viongozi wa soko, waliopo madarakani na waliopumzishwa. Wauguzi, wataalamu wa maabara, madereva, wahudumu na walinzi. Shemeji yetu fundi saa pamoja na wanao. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote.

Kama kuna mkubwa niliyemruka, naomba ajihesabu ametajwa. Orodha kamili ya itifaki ilikuwa kwa mshereheshaji, lakini mshereheshaji amekohoa mara mbili tangu tuanze, na mstaafu wetu tunayemuaga leo ameshamhamishia kwenye kiti cha dirishani, yeye na karatasi zake zote.

Nimepewa dakika kumi na tano nimuage mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na miwili. Hesabu hiyo haiingii akilini, lakini mkubwa hakosoi ratiba ya sherehe aliyoisaini mwenyewe bila kuisoma. Kwa hiyo sitasimulia yote. Nitasimulia jambo moja tu, lililotokea miaka kumi na miwili iliyopita, ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Nusu ya pili ninayo mimi, na nimekaa nayo muda wote huo kama mtu aliyemeza mfupa mbele ya wakwe.

Kwanza, kwa wageni wasiomfahamu vizuri, niseme kazi yake ilikuwa nini. Cheo chake kwenye barua ni Afisa wa Ufuatiliaji wa Magonjwa. Daktari akikutana na mgonjwa humuuliza, “Unaumwa wapi?” Huyu dada yetu huuliza, “Tangu lini?” Ukishajibu, anauliza ulikuwa wapi kabla ya hapo, ulikaa na nani, mlikula nini, na nani mwingine nyumbani yuko hivyo. Daktari anamtazama mgonjwa mmoja mmoja. Yeye anautazama mji mzima kama mtu mmoja aliyelala kitandani, anaupima joto, anausikiliza kifua. Ndiyo maana mji wenyewe ukamwita Bi Tangu Lini, na jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa sasa linajulikana na watu wawili tu, yeye na ofisi ya utumishi. Na ofisi ya utumishi wamelikosea herufi.

Shemeji fundi saa alinisimulia, na ameniruhusu niseme, kwamba siku alipojikaza akamwambia huyu binti kwamba anampenda, binti alimtazama usoni akamuuliza, “Tangu lini?” Shemeji akasema, “Tangu mwezi wa tatu.” Akaulizwa, “Na kabla ya hapo uliwahi kupatwa na hali kama hii?” Shemeji, niambie kweli, ulijibu nini? Hataki kusema. Mabibi na mabwana, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha mapenzi ya zamani huishi miaka mingi kwenye ndoa yenye amani.

Sasa tuingie kwenye shughuli.

Mwaka ule nilikuwa mganga mkuu mpya wa mji huu. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, suti tatu, na imani kubwa juu ya mhuri wangu. Ndipo ukaingia ugonjwa wa macho mekundu. Mnaujua: unaamka kope zimegandana, jicho linawasha kama limetiwa pilipili, linatoa machozi, na kila anayekuona anarudi nyuma hatua mbili huku akikuuliza habari za nyumbani. Wiki ya kwanza tulipata wagonjwa sita. Wiki ya pili kumi na tisa. Mwalimu akafundisha darasa akiwa ameupa ubao uso na watoto mgongo. Benki ikaweka mlinzi wa kutazama watu machoni, na siku ya tatu mlinzi mwenyewe akarudishwa nyumbani.

Mji ukiugua, ndugu zangu, huwa hautafuti dawa kwanza. Unatafuta mtu. Na sisi tulimpata upesi. Kwenye safu ya mafundi sokoni palikuwa na fundi cherehani, mwanamke mgeni, hana hata miezi mitatu hapa mjini, amekodi chumba na kibanda kwa mwenyekiti wa soko. Macho yake yalikuwa mekundu, watu waliyaona. Na shingoni alikuwa na utepe wake wa kupimia, ule ule anaoupitisha kifuani kwa huyu na kiunoni kwa yule. Ushahidi gani mwingine ulihitajika? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tuliigeuza: mgeni toka, mwenyeji apone.

Mwenyekiti wa soko akaja ofisini kwangu na wajumbe wanne. Mwenyekiti mstaafu yuko hapa leo, naona anaikagua dari. Usijali mzee wangu, mimi nitaaibika zaidi yako, vumilia kidogo.

Mwenyekiti akasema, “Mganga mkuu, tunataka barua. Yule mwanamke afungiwe kibanda, na chumba changu nimemwambia ahame. Watu tisa wamepimwa nguo na yeye na wote macho yamewaka.”

Nikavutiwa. Tisa ni hesabu, na mimi ni msomi. Nikamwita mchapaji, barua ikachapwa: kwa mamlaka niliyopewa, safu ya mafundi ifungwe, na fundi aliyetajwa aondolewe sokoni. Nikavuta kidau cha wino. Mhuri ulikuwa juu, mkono ulikuwa unashuka, ndipo Bi Tangu Lini akaingia bila kubisha hodi, ameshika daftari lake lenye jalada la karatasi ya kaki.

Akasoma ile barua ikiwa juu chini, kutoka upande wake wa meza. Akauliza, “Hao tisa nimewasikia. Na wazima?”

Nikasema, “Wazima gani?”

“Wazima wangapi wamepimwa nguo na fundi yule?”

Mwenyekiti akacheka. “Mama, mtu mzima anaulizwa ugonjwa?”

Akamjibu kwa upole kabisa, “Ndiyo huyo wa kuulizwa, baba. Mgonjwa ataniambia alichokifanya. Lakini bila mzima sitajua kama alichokifanya kina maana. Wagonjwa wote tisa wamevaa viatu. Tufunge maduka ya viatu?”

Kisha akanigeukia mimi. “Nipe siku tatu. Mhuri haukimbii, bwana mkubwa. Lakini ukishagonga, hakuna sabuni ya kuutoa.”

Niwe mkweli mbele yenu. Sikumpa siku tatu kwa sababu ya busara. Nilimpa kwa sababu wino ulikuwa umekauka, na kutafuta chupa nyingine ya wino kwenye ofisi ya umma huchukua siku tatu.

Mnakijua chumba chake, kile cha pembeni ya stoo ya chanjo, ambacho majokofu yake yanaunguruma hadi mazungumzo yote hufanywa kwa kupiga kelele, ikiwemo siri za wagonjwa. Kwenye ukingo wa dirisha alikuwa akipanga vifuniko vya chupa za dawa: kila siku fungu lake, kila mgonjwa kifuniko kimoja, kimepandishwa juu ya kingine. Mimi kwa muda mrefu nilidhani ni mchezo wa kupoteza muda, na niliwahi kumwandikia onyo la usafi. Siku ile akanionyesha. “Tazama umbo lake,” akasema. “Kama watu wangeambukizwa pamoja siku moja, tuseme kwenye mkusanyiko mmoja, ungeona mlima unapanda ghafla na kushuka. Huu haushuki, umekaa kama tuta refu. Maana yake kuna kitu kipo, hakijaondoka, na kila siku kinawagusa watu wapya.”

Kisha akanionyesha kitu cha pili, ambacho mimi na shahada zangu nilikuwa nimekipita kama mtu anavyompita jirani anayemdai salamu. Kati ya wagonjwa, karibu wote walikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Vijana wanaoshikana mikono, wanaokopeshana taulo, wanaocheza mpira mmoja, walikuwa wanang'aa macho kama taa. Tangu lini, ndugu zangu, ugonjwa wa macho ukaomba kwanza kitambulisho uone mwaka wa kuzaliwa?

Basi akaingia mitaani. Aliwauliza wagonjwa thelathini na tisa, na kwa kila mgonjwa akamtafuta jirani mzima wa rika lake. Kuwauliza wagonjwa ni rahisi, mgonjwa anapenda kuulizwa. Kazi ilikuwa kwa wazima. Dereva aliyemzungusha, ambaye yuko pale nyuma karibu na mlango, ananiambia walifika kwenye nyumba moja, Bi akabisha hodi, akatoka baba mmoja mwenye kifua.

“Nimetoka idara ya afya,” akasema Bi.

“Kwetu hapa hakuna mgonjwa!”

“Ndiyo maana nimekuja.”

Baba yule akamwita mkewe. “Mama watoto, njoo umsikilize huyu. Serikali sasa inatufuata kwa sababu hatuumwi!”

Nyumba ya pili walimfungia mlango. Ya tatu walimkaribisha, wakamjibu kila kitu, kisha wakamwomba awaandikie dawa ya kuendelea kuwa wazima. Kwa bibi mmoja alikaa saa nzima, kwa sababu bibi alianza kujibu swali la “tangu lini” kuanzia utoto wake, na Bi Tangu Lini, ambaye hajawahi kumkatiza mtu maishani mwake, aliandika yote. Yamo kwenye daftari hadi leo. Tunajua bibi yule alivunjika jino akiwa na miaka saba.

Siku ya pili alikwenda kwa fundi cherehani. Alimkuta amefunga mlango wa kibanda, amekaa juu ya kigoda, vitambaa vya wateja vimekunjwa tayari kwa kurudishwa. Macho mekundu kweli.

“Tangu lini?” akamuuliza.

Fundi akasema, “Tangu Ijumaa, mama.”

“Ijumaa kulitokea nini?”

“Mwenye nyumba aliniambia nihame.”

Akamshika kidevu, akamfunua kope kwa kidole, akatazama. Hakuna tongotongo, hakuna usaha, hakuna uvimbe. Yule mwanamke hakuwa na ugonjwa wowote wa macho. Alikuwa analia. Alilia kwa sababu tulisema anaumwa, na tulipomwona amelia tukasema: mnaona?

Yuko safu ya tatu, amevaa kijani. Simama kidogo fundi wetu, tukuone. Ahsante. Kaa.

Asubuhi ya siku ya tatu, Bi akaja ofisini kwangu na hesabu. Waliopimwa nguo na fundi: wagonjwa tisa, wazima kumi na mmoja. Kwa hesabu hiyo, kama utepe ule ungekuwa na lolote, ungekuwa dawa. Nikakunja ile barua, nikaitia kwenye mtoto wa meza.

“Lakini kuna kingine,” akasema. “Hawa wagonjwa wamefanana kwenye jambo moja. Wengi wao, wiki moja au mbili kabla ya kuugua, walikwenda ofisi ya ardhi.”

Mtakumbuka mwaka ule hati za viwanja zilikuwa zinaandikishwa upya. Kila mwenye kiwanja alipaswa kujaza fomu ya kurasa nne, yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwenye kaunta namba mbili.

“Lakini wazima nao walikwenda,” akaendelea, “kumi na wanane. Kwa hiyo si ofisi, wala si foleni, wala si kalamu ya karani. Nikajiuliza, aliyekwenda akaugua na aliyekwenda akapona, tofauti yao ni nini? Nimebakiza mtu mmoja wa kumuuliza ili nitimize wagonjwa arobaini.”

Nikamuuliza, “Ni nani huyo?”

Akasema, “Vua miwani.”

Hapa ndipo inapoanza nusu yenu ya pili, niwaeleze hali yangu asubuhi ile. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua, nyeusi tii, ndani ya ofisi, mapazia yakiwa yamefungwa. Nilikuwa nimemwambia katibu wangu kwamba jua la mwaka ule ni kali.

Nikavua. Akanitazama bila kucheka. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu katibu alicheka hadi akatoka nje.

“Tangu lini?”

“Ni vumbi tu,” nikasema.

“Vumbi la lini?”

“La... Jumanne.”

“Wiki iliyotangulia ulikwenda ofisi ya ardhi?”

“Nilikwenda, nina kiwanja kama watu wengine.”

“Fomu uliisomaje?”

Mabibi na mabwana, hilo ndilo swali lililomaliza ugonjwa. Fomu uliisomaje? Mimi wakati ule nilikuwa nawaambia watu wote kwamba macho yangu ni mazuri, isipokuwa viwanda vya siku hizi vinachapa maandishi hafifu. Saa ya ukutani, aliyoitengeneza shemeji, ikapiga kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Nikasema, “Nilivaa ile miwani ya pale.”

“Ile iliyofungwa kamba?”

“Hiyo hiyo.”

Akaandika. Halafu akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayejaza fomu tu, “Na ile miwani iliwekwa pale na nani?”

Jibu lake wengi wenu mnalijua, wageni hawalijui. Ile miwani ya kusomea, iliyofungwa kwa kamba kwenye kaunta namba mbili ili kila mwananchi asiyeona vizuri aivae, ajaze fomu, aivue na kumpa anayefuata, miwani iliyopita juu ya pua na kope za nusu ya wenye viwanja wa mji huu, iliwekwa na mimi. Ilikuwa zawadi yangu kwa wananchi katika siku mia moja za kwanza za kazi. Nilifanya uzinduzi. Kulikuwa na utepe, mpiga picha na soda. Nilitoa hotuba ndefu kuliko hii. Juu yake kulikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa: MIWANI HII NI ZAWADI YA MGANGA MKUU. TAFADHALI USIONDOKE NAYO. Na kweli, watu waliitii. Waliiacha, wakaondoka na vilivyokuwa juu yake.

Siku za mwizi ni arobaini, na mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa wa arobaini.

Wagonjwa thelathini na mmoja walikuwa wameivaa. Wazima walioivaa ni wawili: mmoja mama aliyeiosha kwanza kwa sabuni kwa sababu ilikuwa na mafuta, na mwingine aliyeponea chupuchupu tu, hatujui kwa nini. Wazima wengine waliofika pale walikuwa na miwani yao, au walisomewa na watoto wao. Kati ya wagonjwa tisa waliobaki, saba walikuwa wakiishi nyumba moja na mgonjwa mwingine. Wawili hatukuwahi kujua walipata wapi, na kwenye taarifa aliandika hivyo hivyo: “wawili, hatujui.” Vijana wa idara, lishikeni hilo neno. Nimefanya kazi na wataalamu wengi waliojua kila kitu, na magonjwa yaliwapita mlangoni.

Tukaenda ofisi ya ardhi, mimi na miwani yangu nyeusi, yeye na daftari. Pale kaunta namba mbili palikuwa na mzee mmoja anajaza ukurasa wa tatu, na foleni ya watu kumi na wanne nyuma yake. Bi akamwomba mzee miwani. Mzee akasema, “Subiri zamu yako, mama.” Akasubiri. Mzee alipoivua, akamwambia anawe uso na mikono pale nje, asijifikiche macho, na akamwandika jina. Kisha akatoa mkasi. Karani wa kaunta akaruka juu. “Hii imeingizwa kwenye daftari la mali! Siwezi kuitoa bila hati!” Basi Bi akaandika hati, karani akaipiga mhuri, na nakala yake imewekwa kwenye fremu ukutani pale ofisini: “Nimepokea miwani moja, ikiwa na kamba yake. Haijavunjika. Sababu ya kuiondoa: inafanya kazi kupita kiasi.”

Nilidhani yameisha. Siku iliyofuata wakaja wagonjwa wapya watatu. Iliyofuata wanne. Mwenyekiti wa soko akarudi, safari hii na wajumbe saba. “Mganga mkuu, umeng'oa miwani na watu wanazidi kuugua. Yule fundi bado yupo!” Nami, nakiri, nikafungua mtoto wa meza, nikaitazama ile barua iliyokunjwa. Nikatoka mbio hadi chumba cha majokofu.

“Wanazidi!” nikapiga kelele.

“Waliivaa kabla,” akajibu. “Ugonjwa huu ukikuingia unaweza kujificha hata siku kumi na mbili kabla haujajionyesha. Hawa walishabeba mzigo, ndiyo kwanza wanautua. Hesabu siku kumi na mbili, mdogo wangu.”

Lilikuwa neno la kwanza la huruma nililolipata wiki ile. Kwenye umati ananiita bwana mkubwa. Nikioga aibu, ananiita mdogo wangu.

Nikahesabu. Siku ya tisa fungu la vifuniko lilikuwa na kimoja. Siku ya kumi na mbili ukingo wa dirisha ulikuwa mtupu. Siku ya kumi na tatu nilipita mara nne kuhakikisha hakuna aliyeviiba.

Nikamwambia tumtafute aliyeivaa kwanza akiwa mgonjwa, tumjue. Akasema, “Ukimpata, utamfanya nini?” Akafunga daftari.

Badala yake alinitaka nifanye kitu kingine. “Fundi amesafishwa kwenye daftari langu,” akasema. “Lakini watu hawasomi daftari langu. Walisikia sokoni kwamba ni yeye, basi wasikie sokoni kwamba si yeye. Na kusema si yeye haitoshi. Watu hawaachi jina moja mpaka wapewe jingine.”

Nikamwambia, “Jina lipi?”

Akaninyooshea kalamu.

Nilikwenda. Siku ya soko, mchana, juu ya kreti la nyanya, na kipaza sauti cha kuuzia sumu ya panya. Nikasema: fundi huyu hajamwambukiza mtu. Miwani ndiyo iliyowaambukiza, na miwani ni yangu. Kisha muuza vitunguu mmoja akauliza kwa sauti, “Yaani mganga mkuu ndiye aliyetugawia?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Na alitukatia utepe?” Nikasema ndiyo, nilikata utepe. Kicheko kilichofuata sijakisikia tena hadi leo mlipokirudia. Nikateremka, nikaenda kibanda cha fundi mbele ya watu wote, nikanyoosha mikono, nikamwomba anipime shati kwa utepe ule ule. Akanipima. Alinipima taratibu, mara mbili, kila mtu aone. Siku ya pili wateja walirudi. Na mwenyekiti, tumpe haki yake, alikwenda mwenyewe kumwambia fundi akae kwenye chumba chake, na suruali aliyoivaa leo imeshonwa pale.

Huo ndio mkasa. Mngedhani hotuba ingeishia hapo. Lakini wiki iliyopita, tukiwa tunapanga makabidhiano, nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nikamwambia, dada, siku ile uliingia bila hodi. Wewe, ambaye hubisha hodi hata kwenye stoo. Kwa nini?

Akafunga mlango, majokofu yakiunguruma. Kisha akanisimulia, na ameniruhusu niwaambieni kwa sababu ya vijana watakaobaki.

Miaka yake ya kwanza kazini, kabla yangu, kulikuwa na homa ya matumbo kwenye mtaa mmoja. Aliwauliza wagonjwa kumi na wawili, na wote kumi na wawili walikuwa wananunua maziwa kwa mama mmoja mwenye watoto wawili. Aliandika taarifa nzuri, kwa mwandiko mzuri. Mama yule akafungiwa, watu wakamvunjia kibanda, akahama na wanawe. Mwezi uliofuata wagonjwa wakaendelea kuja, ndipo ilipogunduliwa bomba lililopasuka karibu na mtaro. Mtaa mzima ulikuwa unanunua maziwa kwa mama yule, wagonjwa na wazima, kwa sababu muuza maziwa alikuwa mmoja tu.

“Sikuwauliza wazima,” akaniambia. “Nilimtafuta miaka sita nimwombe radhi. Sikumpata.”

Tangu hapo, ndugu zangu, kwa miaka yote hii, katika mji huu hakuna aliyefungiwa biashara, hakuna aliyetolewa chumbani wala kutengwa, kwa ugonjwa ambao hakuuleta. Sisi tuliliona jambo hilo kama bahati yetu. Halikuwa bahati. Lilikuwa ni mwanamke mmoja anayetembea nyumba kwa nyumba, akifungiwa milango na watu wasioumwa.

Mganga akikuponya, unamletea shukrani. Muuguzi akikukeshea, unalikumbuka jina lake. Lakini nani amewahi kumshukuru mtu kwa homa ambayo haikumpata? Nani huamka asubuhi macho yakiwa meupe, akasema, leo kuna mtu amefanya kazi? Hatujui tulichoepushwa, na kwa hiyo hatujui nani anatudai ahsante.

Basi leo tuvunje ratiba. Waliowahi kuugua mjini hapa na wakatibiwa, msimame siku nyingine, wagonjwa wameshapewa heshima yao. Leo naomba wale ambao hamkuugua. Ambao hamkupata macho mekundu mwaka ule, wala kipindupindu kilichoishia njiani mwaka uliofuata, wala surua ambayo watoto wenu wameisikia kwenye redio tu. Mlioamka wazima na kwenda kazini na hamkujua kwa nini. Naomba msimame.

Dada, usiangalie chini. Tazama. Hawa ndio kazi yako. Ukumbi mzima umesimama.

Mheshimiwa Meya, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mchana huu. Kwa heri ya kazi, Bi Tangu Lini. Asanteni sana.